Mnaoanza kazi kwenye miradi ya maendeleo, fuateni hela kwanza

Wadogo zangu mliomaliza chuo juzi juzi mkapata nafasi kwenye maNGO ya Masaki na Mikocheni, au mnajitolea halmashauri, hii ni yenu. Kila mwaka naona vijana wanaingia wamekariri malengo 17 ya SDG, yale ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa, na shabaha zake 169, mpaka rangi za lile gurudumu la nembo yake wanazijua, alafu ukimuuliza hela ya mradi anaoufanyia kazi inatoka wapi na inapitia akaunti ya nani anabaki anakuangalia tu. Malengo yapo ukutani kila ofisi, hayo hutakosa kuyajua. Anza na hela.

Jua kwanza kama ni msaada, mkopo au ni kodi yetu wenyewe. Chukua mabasi ya mwendokasi ya Dar, njia ya Kimara iliyoanza 2016 ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ya Mbagala ni Benki ya Maendeleo ya Afrika, ila kaa pale Gerezani usikilize watu wanavyosema "hela za wazungu zile". Hamna, ule ni mkopo, riba nafuu sawa na muda wa kulipa mrefu sawa lakini deni ni deni, atalipa mpaka mtoto anayezaliwa leo Amana. Kwahiyo ukiandika ripoti usibandike neno ufadhili kila mahali, mkopo wa serikali kisheria uko chini ya Waziri wa Fedha na maswali yake unayapeleka huko sio kwa mfadhili.

Alafu mjifunze kusoma vitabu vya bajeti, Wizara ya Fedha inavitoa bure mtandaoni na karibu hakuna anayevifungua. Cha kwanza mapato, cha pili matumizi ya kawaida ya wizara, cha tatu ya mikoa, cha nne miradi ya maendeleo na hicho ndio utalala nacho. Kila taasisi ina fungu lake, yani namba yake kwenye bajeti, Afya 52, TAMISEMI inayosimamia mikoa na halmashauri 56, mkoa wetu wa Dar 88. Ukiwa kikaoni Dodoma ukataja fungu na ukatenganisha fedha za ndani na za nje, yani hata wale wazee waliokuwa wanachati wanaweka simu chini.

Ila kuna mtego mkubwa hapo, kilichotengwa sio kilichotolewa na kilichotolewa sio kilichotumika. Zahanati inapangiwa hela tangu mwezi wa saba, hela inashuka mwezi wa tano mwaka unaofuata, na tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa, sasa mganga mfawidhi na kamati yake wana wiki chache za kupitisha manunuzi kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kutafuta fundi wa fosi akaunti yani wa kujenga bila mkandarasi, saruji, nondo, na wagonjwa bado wako foleni wanamsubiri yeye huyohuyo. Mtu wa tathmini anakuja Agosti anaandika "uwezo mdogo wa kutumia fedha". Wewe usiandike hivyo kabla hujamuomba mhasibu akuonyeshe kwenye mfumo tarehe hela ilipoingia.

Kalenda nayo inaua miradi mingi kimya kimya. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai mosi, wa serikali ya Marekani unaanza Oktoba, mashirika mengine yanaanza Januari, na kila mmoja anadhani wenzake wako kwenye tarehe yake. Halmashauri inakusanya vipaumbele vya mitaa na kata mwishoni mwa mwaka, madiwani wanapitisha mapema mwaka mpya, vinapanda mkoani mpaka Dodoma, Juni bajeti inasomwa. Sasa wewe unatokea Aprili na wazo lako la vyoo vya shule unataka halmashauri ichangie. Afisa mipango atakukaribisha vizuri, atakwambia "wazo zuri sana hili, tutaliangalia", na ukisikia hivyo jua limeshasogea mwaka mzima. Nenda Oktoba, na kabla ya kwenda kwake pita kwa mtendaji wa kata.

Ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, someni pia, Rais anaipokea mwisho wa Machi na Bungeni inatua Aprili. Tafuta hoja za halmashauri unayokwenda kufanya nayo kazi. Hati safi inasema vitabu viko sawa, haisemi kisima kinatoa maji.

Na msidhani hela ya nje ipo tu. Ahadi ya nchi tajiri kutoa asilimia 0.7 ya pato lao ni ya tangu 1970 na wanaoifikisha ni wa kuhesabu, kina Norway, Luxembourg, Sweden na Denmark. 2014 wafadhili walishikilia hela ya bajeti yetu kwa sakata la Escrow, zile hela zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu, Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada na watu wenye mikataba yao mkononi wakarudi nyumbani. Ndio maana siku hizi kila warsha ni vyanzo vya ndani, na mfano ni ule wa mamlaka ya maji Tanga iliyouza hatifungani ya kijani, yani kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024 ikapata wanunuzi kuzidi lengo. Safi sana, lakini Tanga wana bili zinazolipwa kila mwezi, zahanati ya kijijini itamuuzia nani hatifungani?

La mwisho ni dogo. Ripoti ikiisha andika ukurasa mmoja wa Kiswahili uupeleke ofisi ya mtaa ubandikwe. Wajumbe wanasoma, na wanauliza kuliko bodi, mmoja alitaka kujua kwanini semina ya wakazi wa Mburahati ilifanyikia hotelini Bagamoyo wakati ukumbi wa kata upo na hauna hata gharama.