Wolfe Islander II: kabla hujavuka mlango, piga hesabu ya hewa

Msomaji ametuandikia kwamba anakwenda Kingston, Kanada, kando ya Ziwa Ontario, kuzamia kwenye kivuko kilichozama cha Wolfe Islander II akiwa na mtungi mmoja wa lita 12, na anataka kuingia ndani. Hoja yake ni kwamba meli ilizamishwa makusudi, basi ni salama. Hapana.

Kivuko hicho kiliundwa Collingwood mwaka 1946, kikastaafu baada ya Wolfe Islander III kushika zamu, na mwaka 1985 kikazamishwa kiwe kivutio cha wazamiaji. Kimekaa wima, na chini ya ziwa ni meta 25 hivi. Kukaa wima ndiko kunakolevya watu, kwa sababu kila mlango unaonekana kama unakukaribisha.

Hesabu ni hii. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi mgandamizo wa baa 200 una lita 2,400. Kanuni ya theluthi inakupa lita 800 za kuingia, 800 za kutoka na 800 za akiba. Sasa chukua wazamiaji wawili wanaopumulia mtungi mmoja kwa taharuki, kila mmoja lita 30 kwa dakika. Dakika moja chini, kwa mgandamizo wa baa 3.5, inakula lita 210. Kupanda hadi juu kwa dakika tatu kunakula 405, na kusimama kwa dakika tatu kwenye meta 5, kwa usalama, kunakula 270. Jumla ni 885, na bado hujahesabu njia ya kutoka ndani. Akiba haitoshi. Mwenye mtungi mmoja azunguke nje, atazame, apande.

Baridi nayo haina huruma. Hata kiangazi, chini ya tabaka la juu lenye joto, maji yanaweza kuwa chini ya nyuzi joto 10 za Selsiasi. Hewa ikipanuka ndani ya kidhibiti, yaani kifaa unachopumulia, hupoa sana, na kwa kuwa maji ya ziwa huganda kwenye nyuzi 0, mapema kuliko ya bahari, barafu hukwamisha vali na hewa humwagika bila kukoma. Tumia kidhibiti kilichoundwa kwa maji ya baridi, usikipumulie ukiwa bado juu kwenye baridi kali, na usijaze hewa jaketi lako la kuelea huku ukivuta pumzi. Jaza kidogo kidogo.

Uzito pia. Maji yasiyo na chumvi ni mepesi kwa asilimia 2.5 hivi. Ukiwa kilo 100 pamoja na vifaa, punguza vipande vya risasi vya kukuzamisha kama kilo 2.5 kutoka kipimo chako cha baharini. Asiyepunguza huburuza mapezi kwenye tope laini, na tope likiinuka ndani ya chumba, hata mlango ulioingilia huuoni.

Glavu ziwe nene: kome wa pundamilia, kome wadogo wenye mistari, wamefunika vyuma vingi vya maziwa haya, na makali yao hukata kamba ya kurudia, ile unayoifuata kutoka nje, pale inapokaza kwenye kona. Ifunge mahali pasafi, kabla ya mlango.