Kwa mwanangu anayekwenda Berlin

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata. Unasema mkutano wenu wa Frankfurt unaisha Alhamisi, na kabla ya kurudi utakuwa na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili za kuiona Berlin kwa mara ya kwanza. Unaniuliza, kwa kuwa nilifika huko na walimu wenzangu mwaka ule ulipokuwa kidato cha nne, uone nini ili usije ukajuta ulichokiacha.

Orodha unayo kwenye simu, tena ndefu kuliko nitakayoandika mimi. Lango la Brandenburg utaliona tu. Panda basi namba 100 kutoka Zoologischer Garten mpaka Alexanderplatz, ukae ghorofa ya juu kule mbele. Litakupitisha Reichstag, jengo la bunge lao, na barabara ya Unter den Linden kwa nauli ya kawaida ya mjini. Kuba la Reichstag unapanda bure, ila ujiandikishe mtandaoni mapema. Tiketi ya karatasi uigonge muhuri kwenye kimashine kabla hujapanda treni, maana wakaguzi wao mara nyingi hawavai sare na faini yake ni euro 60. Mahitaji yako nunua Jumamosi, kwani Jumapili maduka karibu yote hufungwa. Hayo yatosha.

Mimi nataka kukuambia usimame wapi, na usimame kwa muda gani. Msimamo wangu unaujua, nimewaimbia wewe na kaka yako tangu mkiwa wadogo: mgeni asiuzunguke mji, achague kitu kimoja akitazame mpaka miguu imuume. Marehemu baba yako alinibishia maisha yake yote. Ile safari ya Kilwa mnaikumbuka, alivyotukimbiza Husuni Kubwa, msikiti, ngome, vyote kabla ya saa nane, na jioni hakuna kati yenu aliyeweza kunieleza alichokiona. Mimi bado naukumbuka ukuta mmoja tu, kwa sababu niligoma kuondoka pale.

Basi Jumamosi asubuhi panda treni ya chini ya ardhi, U6, ushuke kituo cha Naturkundemuseum. Makumbusho ya viumbe asilia yapo Invalidenstraße 43. Ukishakata tiketi, ukumbi wa kwanza tu unaoingia, huyo hapo mjusi wetu, dinosaria wa Tendaguru, kile kilima cha Lindi. Kimo chake ni mita 13.27. Hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani inayomfikia kwa kimo. Utainua shingo mpaka ikuchoke. Kichwa kilicho kule juu ni cha kuigiza, kwa kuwa chenyewe ni kizito mno, na si mnyama mmoja yule, ameunganishwa kutokana na mifupa ya kadhaa. Lakini miguu ile, mbavu zile, zimetoka kwetu, Lindi. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, wakapeleka zaidi ya tani 200 za mifupa. Wasomi wa Kijerumani, Janensch na Hennig, majina yao yamo vitabuni. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na huyo nataka umkumbuke ukiwa umesimama pale, kwa sababu macho yake ndiyo yaliyotambua kipi ni mfupa na kipi ni jiwe kabla ya profesa yeyote kukigusa.

Na wabebaji. Habari za babu yangu umezisikia kwa bibi yako, alivyoshuka na mzigo kichwani kutoka Tendaguru mpaka bandarini, siku tatu au nne za kutembea, kisha akarudi kuchukua mwingine. Sina haja ya kurudia.

Siku ile nilipoingia nilinyamaza. Tulikuwa kundi, tumepewa saa moja. Mwalimu mwenzetu mmoja, simtaji jina na wewe usinitajie ukimkumbuka, akasema kwa sauti: "Yaani tumetoka kote huko kuja kutazama mifupa? Twendeni madukani kabla hawajafunga." Wakacheka, wakamfuata. Watu wa Tanzania! Wawili kati yao wa kusini kabisa, wamekulia mwendo wa siku moja kutoka kule mlimani. Mpaka leo nikimwona kwenye misiba namsalimia vizuri, lakini moyo wangu unajua.

Nilibaki na mwenyeji wetu, mwalimu wa kike wa Berlin aliyejua Kiingereza. Kulikuwa na watoto wa shule wameketi sakafuni wanachora. Nikamweleza yule mama habari za babu, naye akamweleza mwalimu wao, na mara watoto wote wakageuka, wamemwacha mjusi wananitazama mimi. Mvulana mmoja, hajafika miaka kumi, akauliza: "Babu yako alibeba mfupa upi?"

Mwanangu, nimefundisha maisha yangu yote na sijaulizwa swali zuri kuliko hilo. Sisi wenyewe, wajukuu, hatukuwahi kumuuliza. Nikatembea polepole kumzunguka yule mnyama, nikasimama kwenye mfupa wa juu wa mguu wa mbele, ule unaompita mtu mzima kwa urefu, nikauwekea kidole kwa mbali: "Huu." Wakaanza kuuchora. Mvulana akataka nimwandikie jina la mji babu alikofikisha mzigo. Nikaandika LINDI, akalinakili chini ya mfupa wake kwa herufi kubwa.

Baba yako aliposikia akasema niliwaongopea watoto. Tulibishana wiki nzima. Alikuwa na hoja: mizigo ilikuwa imekwishafungwa, mifupa mikubwa imegawanywa vipande, babu hakujua kilichomo ni bega au mkia. Lakini na mimi nina hoja. Kama kila mtu alibeba asichokijua, basi kila mfupa mle ndani umebebwa na mtu, na asiye na jina kwenye mfupa wowote anaweza kupewa wowote. Mimi nimempa ule. Ukifika, ule ni wa babu yako.

Kuna la pili linalonisumbua, nalo sijalimaliza. Watu husema walilipwa, haikuwa kazi ya bure. Ni kweli, walilipwa. Lakini vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika 1907, miaka miwili tu kabla ya uchimbaji, mashamba na maghala yamechomwa, watu wamekufa kwa njaa. Mtu wa namna hiyo akiambiwa beba nikulipe, hapo amechagua nini? Halafu najibishana mwenyewe: babu alikuwa akijivunia ile kazi. Alisimulia akiwa ameinua kidevu. Nani kanipa mimi ruhusa ya kumwonea huruma mtu aliyejivunia?

Ukitoka, usipande treni. Fuata Invalidenstraße kwa miguu kuelekea mashariki. Ukifika karibu na Nordbahnhof, kata kushoto kidogo uuone Ukuta wa Berlin pale Bernauer Straße, kipande walichokiacha kimesimama, na hakuna kiingilio. Kisha rudi barabarani, uendelee mpaka Brunnenstraße, ushuke hadi nambari 193. Tazama chini, si juu. Kuna kipande cha shaba kimezikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, chenye jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904. Alikuwa askari wa Wajerumani angali mtoto, akaenda Berlin 1929 akadai malipo yake ya jeshini ambayo hakupewa, akabaki akafundisha Kiswahili. Wanazi walimfunga kambi ya Sachsenhausen, akafia humo 1944. Msomee Fatiha. Hilo si la kuchagua.

Ukibakiwa na nguvu Jumapili, U6 hiyohiyo itakufikisha Afrikanische Straße, kule Wedding. Barabara iliyokuwa ikiitwa Petersallee waliigawa na kuipa majina mapya mwaka 2024, na sehemu yake sasa ni Maji-Maji-Allee. Enda uisome kwa niaba yangu, kwani nilipokwenda mimi bado ilikuwa jina la zamani.

Najua utakachoniuliza baadaye, maana kaka yako ameshaniuliza: mjusi arudi, au abaki? Ninalo jibu, na linanikereketa kwa kulizuia. Wapo wanaosema arudi kesho. Wapo wanaouliza tutamweka wapi, na tutamtunza kwa fedha gani. Mimi nina neno kwa kila upande, lakini nikikuambia sasa utakwenda kutazama kwa macho yangu. Nenda kwanza. Kaa naye asubuhi nzima, kisha uniambie wewe, ndipo nikuambie mimi. Na usije ukaahirisha ukasema utakwenda Jumatatu kabla ya ndege: Jumatatu wanafunga.

Mama yako.