Maswali ya Wasomaji: Nani Anastahili Makala katika Kamusi Elezo?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu bibi yangu aliongoza kikundi cha muheme, ngoma ya Wagogo, hapa Chamwino kwa miaka mingi. Niliandika makala yake katika kamusi elezo moja ya mtandaoni, lakini ikawekewa alama ya kufutwa kwa maelezo kwamba umaarufu wake haujathibitishwa. Nilitaja vyanzo vinne: wasifu uliosomwa msibani, picha za Facebook, cheti cha kushiriki tamasha na habari ya gazeti. Mbona mbunge wa muhula mmoja ana makala yake? Bibi yangu amekosa nini?
Mjukuu, Chamwino

JIBU: Pole kwa kufiwa na bibi, na pole kwa kazi yako. Bibi hakukosa kitu. Katika kamusi elezo kama Wikipedia, wahariri hawapimi thamani ya mtu. Wanauliza kama watu wasio na uhusiano naye wamekwisha kuandika habari zake kwa kina, katika machapisho ya kuaminika, kiasi kwamba mgeni asiyemjua kabisa angeweza kuandika makala yake bila kuiuliza familia.

Tuvipitie vyanzo vyako kwa kipimo hicho. Wasifu wa marehemu umeandikwa na ninyi wenyewe, na msibani hakuna anayetarajiwa kuhoji. Picha za Facebook zinaonyesha kwamba alikuwapo, lakini hakuna aliyezihakiki wala kuzieleza. Cheti kinathibitisha siku moja tu. Gazeti ndilo lenye nguvu kuliko vyote hivyo, ila ukisoma ile habari uliyotutumia utaona kwamba jina la kikundi limetajwa mara moja, katika orodha ya waliotumbuiza kabla mgeni rasmi hajahutubia, na jina la bibi halimo. Kutajwa kwa kupita si kuandikwa habari zako.

Mbunge huhesabiwa kuwa anastahili kwa sababu anayoyasema bungeni hapa Dodoma hunakiliwa katika taarifa rasmi za majadiliano, uchaguzi wake una kumbukumbu, na magazeti humfuatilia. Diwani hapewi nafasi hiyo moja kwa moja, hata awe ameitumikia kata yake vizuri kiasi gani.

Hata hivyo, uchungu wako nauelewa, na sitaki kuufunika kwa kanuni. Kipimo hiki kinawafaa watu ambao habari zao huandikwa, nacho kinawaumiza wale ambao habari zao husimuliwa. Hukwe Zawose, mwanamuziki na Mgogo mwenzenu aliyefariki mwaka 2003, anayo makala, naye anastahili bila shaka. Lakini tukumbuke kwamba sauti yake, zeze lake na ilimba yake (ala ipigwayo kwa vidole gumba) vilirekodiwa na kampuni ya Uingereza iitwayo Real World, iliyotoa albamu ya Chibite mwaka 1996, na waandishi wa nje wakamwandika. Wanawake wanaopiga ngoma za muheme vijijini hawakupata waandishi wa namna hiyo. Tena wahariri nao ni binadamu: Donna Strickland wa Kanada alipopata Tuzo ya Nobel ya Fizikia Oktoba 2018, hakuwa na makala katika Wikipedia ya Kiingereza, kwa kuwa rasimu iliyoandikwa miezi michache kabla ilikataliwa kwa madai kwamba vyanzo vyake havitoshi.

Kwa hiyo nakushauri uanze na chapisho, makala ije baadaye. Wahoji wanakikundi waliobaki wakiwa bado hai, andika tarehe na majina yao, kisha umpelekee kumbukumbu hizo mwandishi wa habari, au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayetafuta mada ya tasnifu kuhusu muziki wa Kigogo. Mtu huyo afanye uchunguzi wake mwenyewe, wewe usimwandikie. Wakati huohuo, iendeleze makala kuhusu muheme wenyewe, maana ngoma hiyo imeandikwa na watafiti wa muziki. Siku jina la bibi litakapopata chanzo, litaingia humo bila ugomvi, hata kabla hajapata makala yake peke yake. Na kwa kuwa wewe ni mjukuu, litangaze jambo hilo katika ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo.

SWALI: Ninaimba nyimbo za injili na nina wafuasi wengi mtandaoni. Kijana mmoja anataka nimlipe aniandikie makala. Nimpe?
Mwimbaji, Kondoa

JIBU: Usimpe. Idadi ya wafuasi haihesabiwi, kwa sababu haielezi lolote juu ya kazi yako. Anayeandika kwa malipo analazimika, kwa masharti ya matumizi ya Wikipedia tangu mwaka 2014, kumtaja hadharani anayemlipa, na wengi wa vijana hawa hawafanyi hivyo. Makala ikigunduliwa huweza kufutwa, na fedha yako itakuwa imekwenda. Hata ikibaki haitakuwa mali yako: mtu yeyote ataweza kuongeza jambo usilolipenda, mradi ana chanzo, nawe hutakuwa na haki ya kuliondoa. Fedha hiyo itakufaa zaidi studio.