Forester ya turbo: SH5 yenye EJ20 au SJG yenye FA20?

Wanaojua kwamba nimemiliki Subaru Forester zote mbili za turbo, SH5 ya zamani na SJG iliyoifuata, huniuliza swali lile lile: "Kaka, nichukue SH5, au nijibane nifikie SJG?" Wengi wanategemea nitajibu habari za nguvu. Kwa nguvu hakuna ubishi, SJG inaongoza. Mimi huwauliza kwanza nani ataitunza gari hiyo, kwa sababu injini hizi mbili zinaharibika kwa njia tofauti kabisa, na fundi anayeijua moja anaweza asiijue nyingine.

Tuanze na tofauti zenyewe. SH5 ya turbo ya Japani ina injini ya EJ20 ya lita 2, nguvu za farasi 230 na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 319, mara nyingi ikiwa na gia boksi ya otomatiki ya gia 4. SJG ilitoka mwishoni mwa 2012 ikiwa na injini ya FA20 DIT, lita 2 zile zile, lakini farasi 280 na Nm 350, na torki hiyo yote inapatikana kuanzia mizunguko 2,000 tu kwa dakika. Nozeli zinamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, uwiano wa komprasheni (hewa inavyobanwa ndani ya silinda) umepanda hadi 10.6, na turbo, ile inayosukumia injini hewa zaidi, imeshushwa chini ya injini, karibu na mahali moshi unapotokea. Mkanda wa taimingi, unaoendesha valvu, nao umeondolewa, ikawekwa cheni.

Ukitaka kuzihisi tofauti hizo, panda mlima wa Kitonga nyuma ya lori lililobeba mzigo. Kwenye SH5 unatambaa, lori likikupisha sehemu salama unakanyaga, gia inashuka, turbo inajaza, ndipo gari linaondoka kwa kishindo. Kuna watu wanakipenda sana kile kishindo, na ninawaelewa. Kwenye SJG hakuna kusubiri: unagusa mafuta na gari limeshaondoka, injini haijapandisha hata sauti. Ukiwa na familia ndani, utulivu huo una thamani kubwa. Na kwa uzoefu wangu, safari ndefu ya mwendo wa kawaida SJG inakula mafuta pungufu kuliko SH5.

Sasa fungua boneti. SH5 unaitambua hata kabla ya kufungua, kwa ile pua ya kuvutia hewa juu ya boneti. Turbo unaiona pale nyuma, upande wa kulia wa injini. SJG haina pua. Mara ya kwanza nilipopeleka yangu gereji ya mtaani, fundi aliinama, akatafuta turbo pale alipoizoea, akaniuliza, "Bosi, una hakika hii ni ya turbo?" Alikuwa fundi mzuri, aliyefungua EJ nyingi. Siku hiyo nilielewa kwamba gari nimebadilisha, na fundi pia itabidi niongeze. Kitu kimoja alikifurahia palepale: filta ya oili ya FA20 imekaa juu ya injini, unaifungua ukiwa umesimama.

EJ20 inaua watu mifukoni kwa mambo yanayojulikana. La kwanza ni mkanda wa taimingi, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Ukinunua SH5 isiyo na karatasi za matengenezo, badilisha mkanda, rola zake, tensheni na pampu ya maji kwa pamoja wiki hiyo hiyo, hata muuzaji akikuapia. La pili ni dogo kwa umbo ila ndilo linaloniogopesha zaidi: EJ nyingi za turbo zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Oili ikiachwa ikachoka, uchafu wake unaziba wavu huo. Turbo inakosa oili, inasagika, na vipande vya chuma vinarudi kwenye injini. Mwambie fundi aitoe bolti hiyo uione kwa macho yako. Habari ya gasketi ya silinda hedi nayo ipo, ingawa sifa hiyo mbaya ilitokana zaidi na EJ25 isiyo na turbo.

Uzuri wa EJ ni kwamba inalalamika mapema. Inavuja, inanuka, inachemsha, inagonga, na fundi mwenye sikio zuri anaikamata. Spea zake zimejaa mtaa wa Gerezani, Dar, mpya na za kutumika.

FA20 ni kimya. Kwa kuwa petroli haipiti tena mgongoni mwa valvu za kuingizia hewa, hakuna kinachoziosha. Mvuke wa oili unaganda pale na kuwa masizi magumu, na unaanza kuona gari likitetemeka kwenye foleni au likipoteza wepesi. Dawa ya kumwaga kwenye tanki haifiki pale. Inabidi kufungua manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) na kusafisha, bora kwa mashine ya kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa. Gia boksi yake ni CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, nayo inataka oili ya aina yake peke yake. Mimi nabadilisha kila kilomita 40,000, joto letu si la Japani.

Kabla hujalipa SJG, iwashe asubuhi ikiwa ya baridi na usikilize cheni. Kisha tafuta mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya Subaru, aangalie namba iitwayo DAM. Inatakiwa isome 1.00. Ikiwa pungufu, kompyuta imesikia injini ikigonga na imerudisha nyuma moto wa plagi ili kuilinda, mara nyingi kwa sababu ya petroli hafifu. Injini zote mbili zilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu, kwa hiyo usibanie hapo.

Msimamo wangu: ukiishi Dar, Arusha au Nairobi na una fundi mwenye kifaa hicho, chukua SJG. Ukiishi mbali na miji hiyo, SH5 iliyotunzwa itakufaa zaidi, na usione haya kuichagua. Wa Kenya, kwa sheria yenu ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8, SH5 haishuki tena Mombasa, kwa hiyo mtanunua iliyokwisha tumika hapo hapo, na historia yake ndiyo ya kuchimba kuliko kilomita kwenye dashibodi. Yoyote utakayochukua, oili halisi ya sintetiki kila kilomita 5,000, na dipstiki ya kupimia oili uichomoe mwenyewe kila unapojaza tanki.