Maswali ya Wasomaji: Guru Anaangukia Wapi?

Nimemaliza msimu wa kwanza wa tamthilia ya Nine Perfect Strangers. Masha, mwenye kituo cha mapumziko na uponyaji, anawatilia wageni dawa za kulevya kwenye smuthi bila idhini yao, halafu mwishoni tunaachwa tukimhurumia. Waandishi walimwogopa? – Msomaji, Buruburu

Hawakumwogopa. Walimpa jeraha na dawa kutoka chungu kimoja. Masha, anayeigizwa na Nicole Kidman, alikuwa bosi wa kampuni kubwa. Akapigwa risasi, moyo ukasimama, na Yao, mhudumu wa ambulensi, akamrejesha. Sehemu za mwanzo zinatuaminisha kwamba kule Tranquillum, kituo chake hicho, anauza kile kilichomponya yeye mwenyewe. Baadaye tunagundua hajapona: amefiwa na bintiye, Tatiana, na anatafuta njia ya kumwona tena.

Sasa rudia msimu huo, sehemu zake ni 8 tu, na kila kikombe kinapotolewa jiulize kinamfaa nani. Mwanzoni kinamfaa mgeni, walau kidogo. Zamu ikifika ya akina Marconi, waliofiwa na mwana wao Zach, kikombe kinaanza kumfaa Masha. Kuanguka kwake kuko hapo. Uyoga wa kulevya, ile dawa ya kwenye smuthi, alikuwa akiutumia tangu mwanzo.

Huruma iliyokusumbua ina chanzo kingine. Katika riwaya ya Liane Moriarty ya mwaka 2018, Masha hakupigwa risasi; moyo wake ulisimama kwa maradhi. Tamthilia iliingiza bunduki ili ipate taharuki, kisha ikafichua kwamba aliyefyatua ni Carmel, mmoja wa wageni. Basi saa ile ile Masha anapotakiwa kujibu aliyowatenda watu, anageuka yeye kuwa mtendwa. Kwa maoni yetu, risasi ile ilimlipia nusu ya deni, na haikustahili.

Naandika tamthilia ya sehemu 13, kila moja dakika 26, kuhusu mama wa Kilimani anayetibu kwa juisi na maombi. Walioisoma wanasema anageuka mbaya ghafla katika sehemu ya 9. Nirekebishe wapi? – Mwandishi chipukizi, Kasarani

Acha ya 9, fungua ya 2. Huenda hakuna aliyepona humo. Kabla ya sehemu ya 3 kwisha, mtu mmoja asaidike kweli, kwa sababu ya kawaida kabisa: mteja asiyepata usingizi anaambiwa aache chai ya rangi ya usiku na simu aiache sebuleni, naye analala. Mama anaamini ni maombi yake. Katika ya 4 aje mteja asiyemuweza ila ana pesa. Uongo wa kwanza uwe mdogo: "Dawa za hospitali usiache, punguza tu." Katika ya 6 ajue kwamba mambo yameharibika, katika ya 7 afiche. Kila uongo uzibe tundu la uliotangulia, na ya 9 itajiandika.

Angalia pia ugonjwa unaouchagua. Waandishi wengi hukimbilia presha, lakini mtu anaweza kuacha vidonge vya presha kwa wiki kadhaa bila dalili yoyote, na kamera haina cha kuonyesha. Kisukari cha aina ya kwanza kina mwendo. Mteja anaacha sindano za insulini huku akinywa juisi ya embe na nanasi kutwa. Kwanza kiu na mkojo wa kila mara, kisha tumbo kuuma na kutapika, halafu pumzi nzito za haraka, mdomo kunuka kama matunda yaliyoiva mno, na mwisho kuchanganyikiwa. Yote hayo yanaweza kutokea ndani ya siku moja au mbili. Kwa kila dalili mama anasema, "Ni sumu inatoka." Kinaya hicho hakihitaji muziki wa kutisha. Hospitalini, usimwandikie daktari sindano moja na mgonjwa akaketi akitabasamu: kuna dripu, insulini inayoingizwa mshipani polepole, kupima potasiamu tena na tena, na aghalabu usiku mzima.

Mbinu rejeshi ya utotoni mwake, mvua ikinyesha, iondoe. Jeraha lionekane kwa anachokikwepa. Awamiminie wateja juisi kutoka kwenye jagi la glasi, yeye anywe chai ya maziwa kutoka kwenye thamosi iliyo chini ya meza.

Na lugha! Mama wa Kilimani hasemi Kiswahili cha kitabuni na kila mtu. Kwa wateja atachanganya Kiingereza, kwa askari wa geti atatoa amri za maneno mawili, na nyanyake kwenye simu watasemezana kwa lugha ya nyumbani. Siku akibanwa, amri za getini zimtoke mbele ya mteja.

Onyesho la kutiliwa mtu dawa kinywajini litaruhusiwa kwenye runinga? – Msomaji, South B

Linategemea daraja na saa. Bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya ina madaraja manne: GE (watazamaji wote), PG (watoto waongozwe na mzazi), 16 na 18 (waliofikisha umri huo). Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, vituo hutakiwa kuonyesha yanayofaa watazamaji wote, kwa hiyo onyesho la 16 lipangie baada ya saa nne. Leseni ya kupiga picha ombeni kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi. Anayeshughulikia maombi hayo ni wakala wa filamu aliyesajiliwa.