Injini ndogo ya mvuke haizunguki: kabla hujabadili kerezo, kagua nyuso mbili

Mkuu, umesema injini yako ya kwanza ya silinda ya kubembea haitaki kuzunguka. Umeiunganisha na pampu ya hewa, inafoka pande zote, na ukiisukuma kwa mkono inapiga mizunguko miwili mitatu kisha inalala. Tayari umeshatoa hukumu kuwa kerezo lako dogo, ile mashine ya kukerezea metali, limechakaa na unatafuta kubwa. Hela hiyo iache kwanza. Injini yangu ya kwanza ilinifanyia hivyohivyo, nikalilaumu kerezo wiki tatu nzima, kumbe kosa lilikuwa kwenye tundu moja la kushikia pini ya silinda, lenye nyuzi za M4 (za skrubu ya mm 4), nililolitoboa kwa drili ya mkononi.

Injini ya aina hii haina valvu. Silinda yenyewe ndiyo valvu: imeegemea bamba, inabembea kwenye pini, na tundu lake moja linapishana na matundu mawili ya bamba, moja la kuingiza mvuke na jingine la kuutoa. Kinachozuia mvuke usitoroke ni nyuso mbili tu za metali zilizobanwa na springi. Na usiidharau kwa udogo wake. Great Eastern, ile meli ya Brunel iliyoshushwa majini mwaka 1858, magurudumu yake ya pembeni yalisukumwa na injini ya silinda nne za kubembea.

Jaribio la kwanza halihitaji hata kufungua skrubu. Pakaza oili nyepesi pale silinda inapokutana na bamba, fungulia hewa kidogo sana, kisha zungusha gurudumu polepole kwa kidole huku ukitazama mapovu. Yakitoka kila upande, nyuso hazijanyooka. Yangu yalitoka upande wa juu tu, silinda ibembee iendavyo. Maana yake pini haikusimama wima juu ya uso wa silinda, kwa hiyo kadiri nilivyokaza springi ndivyo nilivyozidisha msuguano, na mwanya uko palepale.

Nilitengeneza silinda upya. Safari hii nililainisha uso kwanza, nikaifunga kwenye jiriwa ya drili ya kusimama uso ukiwa juu, nikatoboa mm 3.3, halafu bila kugusa jiriwa nikatoa keekee nikaweka tapu (kifaa cha kukatia nyuzi) palepale na kuizungusha kwa mkono, umeme ukiwa umechomolewa. Mizunguko mitatu minne ya mwanzo ikishaingia wima, inayobaki unaweza kumalizia mezani. Kisha chukua keekee nene, iguse mdomo wa tundu uingie kidogo. Nyuzi huinua ukingo mdogo ambao jicho halioni, na ukingo huo peke yake unatosha kuibeba silinda yote juu.

Kusaga uso ni kazi ya nusu saa. Weka msasa namba 600 juu ya kipande cha kioo kinene, tia oili, chora mistari ya kalamu ya wino kwenye uso wa silinda, kisha isugue kwa mwendo wa namba nane bila kuikandamiza. Baada ya mizunguko kumi hivi itazame. Mistari ikifutika pembeni na kubaki katikati, uso una shimo, endelea. Ikifutika upande mmoja tu, mkono wako unaegemea, geuza silinda. Ikishafutika yote kwa pamoja hamia namba 1000. Bamba nalo lifanyie vivyo hivyo, halafu osha kila kitu kwa mafuta ya taa, maana punje moja ya msasa ikibaki ndani italila tundu la pistoni kila siku.

Umeuliza pia matundu ya bamba yakae wapi, ukasema uliyakadiria kwa macho. Hapo ndipo shaka yangu ya pili ilipo. Hesabu yake ni fupi: umbali wa tundu la silinda kutoka kwenye pini, zidisha kwa urefu wa mkono wa krenki (kile kikono cha ekseli kinachosukumwa na pistoni), gawanya kwa umbali kati ya pini na ekseli ya krenki. Yangu ilikuwa 18 × 10 ÷ 40, jibu mm 4.5. Basi kila tundu la bamba linakaa mm 4.5 kutoka mstari wa kati, kulia na kushoto. Na kipenyo cha matundu lazima kiwe chini ya hiyo 4.5 (mimi nilitoboa 4), la sivyo pistoni ikifika mwisho wa safari tundu la silinda litagusa yote mawili na mvuke utapita moja kwa moja kwenda nje. Mkono wa krenki ni nusu ya mwendo wa pistoni, wengi huteleza hapo.

Kuhusu pistoni, usitumie alumini. Nilifanya hivyo ndani ya silinda ya chuma, ikazunguka kwa hewa vizuri mno hata nikawaita watu waje kuiona, nilipoitia mvuke ikang'ang'ania ndani ya dakika moja. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na mimi nilikuwa nimeiachia nafasi ya mm 0.01 tu. Kwa silinda yako ya shaba ya manjano weka pistoni ya chuma kisichoshika kutu, nafasi ya mm 0.02 hadi 0.03, na mifereji miwili miembamba ya kushika oili. Ukiisukuma kavu na kuziba tundu kwa kidole, irudi yenyewe kidogo kama pampu ya baiskeli.

Ile keekee iliyokukwama na kulivuta pande la shaba ya manjano kutoka kwenye taya za kerezo ni tabia ya shaba hiyo. Makali ya kawaida yanajichimbia. Pitisha jiwe la kunolea mbele ya makali yote mawili, upate ubapa mdogo kama uzi, haitavuta tena. Hiyo keekee iweke kando kwa kazi ya shaba pekee. Na vaa miwani, vichipsi vyake huruka kama sindano.

Boila uliyoitaja, ya kuchemshia maji yawe mvuke, tafadhali isiwe ya shaba ya manjano, zinki hutoka taratibu na metali inabaki dhaifu. Tumia shaba nyekundu, uilehemu kwa fedha. Risasi ya kulehemu redio usiitumie, inayeyuka karibu na nyuzi joto 183 za Selsiasi, na maji yakiisha moto unafika huko upesi. Kabla ya kuwasha moto ijaze maji baridi pomoni na uipime kwa presha mara mbili ya ile utakayotumia, valvu ya usalama iwepo siku ya kwanza.

Lakini boila bado. Anza na oili na mapovu leo, halafu tuwekee picha ya uso wa silinda ukiwa na ile mistari ya kalamu baada ya kuusugua mara kumi.