Fomu ya njano na makosa ya dawa wodini: jibu kutoka Kigoma

Dada uliyeuliza kutoka Urambo, swali lako lina sehemu mbili, nami naanza na iliyo nyepesi. Umesema mgonjwa wako alitokwa na vipele na midomo ikachubuka siku chache baada ya kuanza septrini, dawa ya kuua bakteria, ukataka kujaza fomu ya njano, ile ya kuripoti madhara yanayoshukiwa kuletwa na dawa, mkuu wa wodi akakuzuia kwa kuwa hakuna uhakika kwamba dawa ndiyo iliyomdhuru. Jaza, dada yangu. Fomu ile haidai uhakika, inadai shaka ya mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa. Ikiwa na mgonjwa anayetambulika hata kwa herufi za mwanzo za jina, mtoa taarifa, dawa inayoshukiwa na kilichotokea, tayari ni taarifa kamili ya kufanyiwa kazi. Ukiweza, andika na namba ya toleo iliyo kwenye kopo, maana bila hiyo ni vigumu kujua kama tatizo ni la dawa yenyewe au la shehena moja tu. Taarifa huenda TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ofisi yake ya kanda iko hapo hapo Tabora, na kutoka huko huingia katika hazina ya kimataifa inayotunzwa Uppsala, Sweden, chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani ambao Tanzania ni mwanachama tangu 1993. Ila kabla ya fomu, hakikisha dawa imesimamishwa, kwa sababu midomo iliyochubuka pamoja na macho mekundu si maudhi madogo madogo: ngozi nzima inaweza kubanduka.

Sehemu ya pili, kama tuandike makosa ya kutoa dawa wakati anayeandikwa huishia kuadhibiwa, ndiyo iliyonifanya nikae niandike kwa urefu.

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka mingi, na nyingi kati ya hizo nilizitumikia katika hospitali moja ya wilaya mkoani Kigoma, ambako malaria kali hujaza vitanda kila msimu wa mvua. Dawa yetu ya kwanza ni sindano ya atesuneti. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya baikaboneti, kisha huongezwa maji ya chumvi mililita 5 kama sindano ni ya mshipa, au mililita 2 kama ni ya msuli. Kwa hiyo dawa ya msuli ina nguvu mara mbili ya ile ya mshipa katika kila mililita, na hapo ndipo mtu aliyechoka hukosea bila mtu yeyote kugundua.

Asubuhi moja, tukikabidhiana zamu, niliinua kichupa cha mtoto wa kilo 12 kwenye mwanga wa dirisha nikaona kimebaki na dawa zaidi ya nusu. Mtoto wa uzito huo anahitaji miligramu 36, yaani mililita 3.6 za mshipa, na kilichotakiwa kubaki ni mililita 2.4. Mwenzangu alikuwa amechanganya kwa ajili ya mshipa, kisha akavuta mililita 1.8, kipimo cha msuli. Mtoto alikuwa amepata nusu ya dozi, na chati ilionyesha alama ya kwamba amepewa. Daktari alirekebisha dozi na mtoto akapona. Mimi niliandika tukio katika daftari la ripoti pamoja na jina la mwenzangu, na wiki iliyofuata alipewa barua ya kujieleza. Alikuwa peke yake zamu nzima akihudumia wodi iliyojaa. Najutia kuliandika jina lile hadi leo, kwa sababu baada ya barua hiyo daftari letu lilibaki jeupe kwa miezi, na mimi sikuamini hata siku moja kwamba makosa yalikuwa yamekwisha.

Metroni na mfamasia walipokubali kwamba daftari la makosa lisiwe na jina la mtu, bali dawa, saa, idadi ya wagonjwa katika zamu na hatua iliyokosewa (kuandika, kuchanganya, kupima au kutoa), watu walianza kuandika tena. Kosa la atesuneti lilijitokeza upya, zamu za usiku, mara zaidi ya moja. Tukabandika kadi mbili za rangi tofauti kwenye toroli, moja ya mshipa na moja ya msuli, na anayechanganya huandika kwa kalamu juu ya kichupa ni mililita ngapi ameongeza. Hivyo tu, lakini visingepatikana kwa barua.

Pamoja na daftari, usisubiri kuletewa taarifa. Kila asubuhi pitia chati ukitafuta dawa zilizoandikwa ghafla: haidrokotisoni na piritoni kwa mgonjwa ambaye hakulazwa kwa mzio, glukosi ya asilimia 50, ya kupandisha sukari iliyoshuka, kwa mgonjwa anayepewa kwinini au insulini, kalsiamu glukoneti, ya kuzimua magnesiamu iliyozidi, kwa mama anayepewa magnesiamu kwa ajili ya kifafa cha mimba. Nyuma ya dawa hizo mara nyingi kuna dawa nyingine iliyodhuru, na aliyeona madhara ameshayatibu akaendelea na kazi bila kuandika popote.

Hukuuliza hili, lakini waliopewa atesuneti huweza kuishiwa damu wiki moja hadi tatu baadaye, wakiwa wamekwisha kuruhusiwa. Mtoto wa kijiji cha mbali kama Kalya akirudi zahanati amepauka, mkojo wake mweusi kama chai ya rangi, ni rahisi kudhaniwa ana malaria mpya. Sisi huandika tarehe ya sindano kwenye kadi ya kuruhusiwa, na kumwambia mama aitaje yeye mwenyewe mbele ya mganga kabla hajaulizwa.